-ingiliana: kitenzi cha vipuri katika kufufua injini za pikipiki za zamani

-ingiliana, kitenzi sielekezi. Kimetokana na -ingia, kupitia kauli ya kutendea (-ingilia) na kauli ya kutendana. Katika matumizi ya kawaida kina maana ya kuchanganyikana au kugusana kwa mipaka, kama katika "Majukumu ya idara hizi mbili yanaingiliana". Pia ni tafsida ya tendo la ndoa. Gereji imekipa maana nyingine: kwa kipuri, kuweza kufungwa mahali pa kipuri cha chombo kingine na kufanya kazi ileile. Mf. "Spea za pikipiki hii zinaingiliana na za ile."

Maana hiyo ya gereji ndiyo inayohusika hapa, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha wafasiri wa miongozo ya ufundi. Mtu anayefufua injini ya pikipiki ya porini iliyoundwa miaka arubaini au hamsini iliyopita mara nyingi hapati tena vipuri vipya vya kiwandani. Hutegemea mizoga ya pikipiki nyingine, na neno moja katika mwongozo laweza kuamua kama silinda adimu itatumika au itaharibika.

Mfano mzuri ni injini za Honda za silinda moja. XL185S ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ina silinda yenye kipenyo cha milimita 63, na pistoni yake husafiri milimita 57.8, hivyo ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 180. XR200 ya valvu mbili iliyoifuata ina kipenyo cha milimita 65.5 na mwendo uleule wa 57.8, ujazo wake ni 195. Kwa kuwa mwendo haukubadilika, mafundi wengi huchukua silinda ya 185 iliyolika, wakaichongesha hadi 65.5, kisha wakaifunga pistoni ya 200. Matokeo ni injini yenye nguvu zaidi kidogo, na silinda iliyokuwa ya kutupwa imepata uhai mpya.

Je, ni sahihi kusema kwamba pistoni ya 200 "inaingiliana" na ya 185? Hapa sarufi na chuma havikubaliani. Kiambishi -an- hudai usawa wa pande mbili: Juma na Asha wakipendana, kila mmoja anampenda mwenzake. Msomaji wa Kiswahili akiambiwa kwamba vipuri viwili vinaingiliana, ana haki ya kuelewa kwamba chochote kati yake chaweza kushika nafasi ya kingine. Lakini pistoni ya 63 ikitiwa katika silinda ya 65.5 itabaki na nafasi ya milimita 2.5, na haitafaa kitu. Njia ni ya kwenda tu. Tena si ya bure: kuchonga huko hupunguza unene wa slivu kwa milimita 1.25 kila upande, na silinda ikishachongwa haiwezi kurudishwa ilivyokuwa bila kutiwa slivu nyingine. Fundi asiyepima unene kwanza hucheza bahati nasibu na kipuri ambacho huenda asikipate tena.

Kwa uhusiano wa upande mmoja, Kiswahili kina vitenzi vinavyotosha, na mafundi wenyewe huvitumia wanapozungumza kwa uangalifu: -kubali, -pokea, -kaa. "Silinda ya 185 inakubali pistoni ya 200 baada ya kuchongwa" ni sentensi bora kuliko "Pistoni hizi zinaingiliana", kwa sababu inataja mpokeaji, mpokewa na sharti. Kitenzi -ingiliana kihifadhiwe kwa vipuri vinavyobadilishana nafasi huku na huku bila kuguswa na tupa wala mashine. Hata hapo, ni vyema sentensi itaje kipuri chenyewe. Kauli ya jumla kwamba "injini hizi zinaingiliana" haimsaidii mtu aliyeshika gasketi mkononi.

Kitenzi hiki kitenganishwe pia na -lingana na -fanana. Injini ya Honda XL125S na ile ya CG125 zote zina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa 49.5. Vipimo vinalingana kabisa, silinda haziingiliani. Katika XL125S, kamshafti imekaa juu, ndani ya silinda hedi, na huzungushwa na cheni inayopita kwenye uwazi wa ubavuni mwa silinda. Katika CG125 kamshafti iko chini, na valvu husukumwa na vijiti virefu. Jambo hili si la kinadharia Afrika Mashariki, kwani injini nyingi za bodaboda zilizotoka China zimejengwa juu ya usanifu wa CG125, na mwenye XL ya zamani huvutwa na urahisi wa bei za vipuri vyake. Mfasiri anayeandika "vinaingiliana" pale palipostahili "vinalingana" anamfanya anunue hedi isiyo na mahali pa kukaa.

Jina la pikipiki nalo si ushahidi. XR200R ya 1984 ilikuwa na valvu nne na vipimo tofauti na vya ndugu zake wa valvu mbili, ingawa kibao cha ubavuni kilifanana. Ndiyo maana kidahizo au maelezo ya mfano yasiishie kwenye jina. Mwaka na idadi ya valvu vitajwe.

Maneno jirani. -fumua (kinyume cha -fuma, kama -fumua msuko) ni kuitenganisha injini yote hadi krenki. -Fungua ni kwa sehemu tu, na kinyume cha gereji cha vyote viwili ni -funga, ambacho mgeni wa lugha huweza kukidhania "kuziba". -noki, katika Kiswahili cha Tanzania, ni kufa kwa injini, si mlio wake tu, licha ya asili ya neno hilo katika Kiingereza. Kuhusu hali ya kipuri, chakavu si sawa na kilichotumika: kipuri cha mtumba chaweza kuwa kimetumika sana na bado kikawa ndani ya vipimo, ilhali chakavu kimekwisha kulika. Muuzaji hupenda kuyachanganya haya; mfasiri asimsaidie.

Mifano ya matumizi yanayopendekezwa: "Silinda ya XL185S inapokea pistoni ya XR200 ya valvu mbili, ikichongwa hadi milimita 65.5." "Vipimo vya silinda hizi vinalingana, lakini silinda zenyewe haziingiliani." "Injini ilifumuliwa, krenki ikapimwa, ikafungwa kwa beringi mpya na gia za mtumba."