Oveni ikigoma, bodi si mshukiwa wa kwanza

OVENI za umeme zenye saa ya tarakimu na vitufe vya kugusa si kitu kigeni tena katika nyumba za Kwale, kuanzia Mackinnon Road kwenye barabara kuu ya Mombasa-Nairobi hadi Diani na Msambweni. Kwa baadhi ya familia, oveni ndiyo kitega uchumi: keki na mikate ya kuuza hutoka humo.

Kifaa hicho kinapokataa kupata moto, hukumu hutolewa upesi kwamba bodi imeungua. Hukumu hiyo ni ghali. Bodi ya kielektroniki ni miongoni mwa vipuri vya bei ya juu kabisa katika oveni, na mara nyingi huagizwa kutoka nje. Mwenye oveni anaweza kuinunua kisha akagundua kwamba kilichokuwa kimekatika ni waya au koili.

Ndiyo sababu mafundi waangalifu huifanya bodi kuwa ya mwisho kushukiwa.

Kazi ya bodi

Bodi ni ubao mdogo wenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huupunguza umeme wa volti 240 hadi volti chache, kwa kawaida 12 na 5, zinazoendesha saa, vitufe na kompyuta ndogo iliyo ndani yake.

Sehemu ya pili ina rilei, yaani swichi zinazovutwa kwa sumaku, ambazo hupeleka umeme mkubwa kwenye koili za joto, feni na taa. Kompyuta hupokea taarifa za joto kutoka kwa sensa iliyochomoza ndani ya oveni, na kiwango kilichowekwa kikifikiwa, huamuru rilei ikate umeme.

Kwa hivyo, oveni isiyopata moto inaweza kuwa na hitilafu katika sehemu nne: umeme unaoingia, sensa inayotoa taarifa, koili inayopokea umeme, au bodi inayotoa amri.

Kabla ya kushika bisibisi

Jambo la kwanza ni kutazama saa. Umeme ukipotea na kurudi, oveni nyingi, hasa zilizoundwa Ulaya, hukataa kupasha moto hadi saa iwekwe upya. Tarakimu zinazometameta si dalili ya ugonjwa.

La pili ni kufuli ya watoto, ambayo huonyeshwa kwa alama ya ufunguo au kufuli. La tatu ni hali ya maonyesho, inayotumiwa madukani: taa huwaka na feni huzunguka, lakini joto halipatikani. Kitabu cha maelezo hueleza namna ya kuondoa hali zote mbili.

La nne ni kuzima oveni kwenye swichi ya ukutani kwa dakika tano kisha kuiwasha tena. Kompyuta iliyokwama huweza kuzinduka kwa njia hiyo.

La tano ni plagi, fyuzi na soketi. Plagi ya kawaida ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000 tu. Oveni inayozidi hapo huhitaji waya wake maalumu na swichi kubwa ya jiko. Soketi iliyobadilika rangi au kunuka plastiki iliyoungua ni hatari, na haifai kutumiwa tena kabla ya kubadilishwa.

Ikiwa kioo kinaonyesha herufi na nambari, kwa mfano F au E ikifuatwa na tarakimu, ziandikwe jinsi zilivyo. Maana yake hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, hivyo hutafutwa katika kitabu cha oveni hiyohiyo.

Vipimo vya fundi

Volti 240 huua. Kabla ya kifuniko kufunguliwa, umeme hukatwa kwenye swichi kuu, kisha kipimo hutumiwa kuthibitisha kwamba kweli haupo. Hata hapo, kapasita za bodi huweza kuhifadhi umeme kwa muda, kwa hivyo hazishikwi kwa vidole.

Vipimo vinavyofanywa umeme ukiwa umewashwa viachiwe fundi aliyehitimu. Nyaya za nyumba nazo, kulingana na Sheria ya Kawi ya 2019, ni kazi ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya EPRA, iliyochukua nafasi ya tume ya ERC mwaka huo.

Umeme ukiwa umekatwa, koili hutenganishwa na nyaya zake na kupimwa ukinzani. Koili ya wati 2,000 kwa volti 240 huonyesha takriban ohmu 29. Mita isipoonyesha njia kabisa, koili imekatika. Ikionyesha njia kati ya koili na ganda la chuma, umeme unavuja, na huenda hiyo ndiyo sababu ya swichi kuu kujikata.

Sensa hufuata. Aina moja inayotumika sana ni ya platinamu, yenye ohmu 1,000 kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi na takriban 1,110 katika jikoni lenye nyuzi 28. Ukinzani wake hupanda joto linapopanda. Zipo nyingine ambazo ukinzani wake hushuka, kwa hivyo aina ya sensa ijulikane kwanza.

Kisha hupimwa kikata-joto, kifaa kidogo kinachokata umeme oveni inapopita kiasi cha joto. Kikionekana kimekatika hubadilishwa, na sababu yake hutafutwa. Kukiunganisha moja kwa moja kwa waya ili kazi iendelee ni kukaribisha moto nyumbani.

Dalili za bodi yenyewe

Vipimo vyote hivyo vikiwa sawa, ndipo bodi hukaguliwa. Dalili zake huonekana kwa macho: kapasita zilizovimba juu, alama nyeusi za kuungua, nyufa katika lehemu chini ya rilei, au kutu ya kijani.

Bodi nyingi zina kipuri kidogo cha duara kiitwacho varista, kilichowekwa ili kipasuke badala ya kompyuta umeme unapopanda ghafla. Varista na fyuzi zikiungua pamoja, fundi wa redio na televisheni mwenye chuma cha kulehemu huweza kuzibadilisha kwa gharama iliyo chini sana ya bodi mpya.

Rilei ikisikika ikigonga lakini koili nzima isipate umeme, huenda ncha zake zimeungua. Hali ya kinyume ni mbaya zaidi: rilei ikiganda, oveni huendelea kupata moto hata baada ya kuzimwa kwa kitufe. Oveni ya namna hiyo hukatwa umeme ukutani papo hapo na haitumiki tena hadi itengenezwe.

Adui wa pwani na nyika

Mazingira ya Kwale hayazihurumii bodi. Diani na Msambweni, upepo wa bahari hubeba chumvi inayokula lehemu na miguu ya vipuri. Mackinnon Road, iliyo katika nyika kavu, vumbi huziba matundu ya hewa na bodi hukosa kupoa. Mijusi na wadudu nao hupenda joto hilo, na mwili mmoja juu ya nyaya hutosha kuleta shoti.

Umeme wenyewe ni adui mwingine. Mwishoni mwa laini ndefu volti huweza kushuka, rilei zikatetemeka na kuunguza ncha zake. Nao umeme unaporejea baada ya kupotea, kama ilivyotokea baada ya giza la kitaifa lililoanza usiku wa Agosti 25, 2023, huweza kuja kwa kishindo.

Oveni zinazoletwa na jamaa walio ng'ambo zina mtego wake. Bodi za oveni nyingi za Marekani huendeshwa kwa volti 120, na zikiunganishwa vibaya na volti 240 huungua mara moja. Hata zikinusurika, saa inayotegemea mapigo 60 ya umeme kwa sekunde hupoteza dakika 10 kila saa nchini Kenya, ambako mapigo ni 50.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Umeme ukipotea, oveni izimwe ukutani na isiwashwe hadi dakika kadhaa baada ya umeme kurudi. Kifaa cha kuzuia umeme mkali kiwe na uwezo wa ampea za oveni. Kilichoundwa kwa televisheni hakifai.

Bodi ikilazimu kununuliwa, nambari iliyochapishwa juu ya bodi yenyewe ilinganishwe na ya mpya, si jina la oveni pekee. Nyaya zipigwe picha kabla ya kuchomolewa, na muuzaji aulizwe mapema ikiwa bodi hiyo huhitaji kuwekewa programu kabla ya kutumika.