Mzazi, Mtoto Mchanga na Dawa za Kulevya

Kilole ni kata ya mji wa Korogwe, katika bonde la mto Pangani. Nchi hiyo iligeuka sura baada ya mkonge kuletwa pwani ya Pangani mwaka wa 1893. Mashamba yakaenea bondeni, na vibarua wa mkataba, walioitwa manamba, wakaja kutoka mbali. Kwa desturi, mzazi hutunzwa siku 40 na mama yake, shangazi au mkunga. Lakini mzazi wa kambini mara nyingi alikuwa mbali na hao wote.

Katika miaka ya 1980 heroini ilianza kuenea katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Hapo upweke ulizidi, kwani jamaa waliopasa kumtunza mzazi mara nyingi ndio waliomkimbia kwa aibu. Wengi hudhani kwamba dawa yake ni kumwamuru aache mara moja. Sivyo. Mja mzito akikatishwa heroini ghafula, mimba yaweza kuharibika. Ndiyo maana waganga humpa methadoni kwa kipimo, kila siku, mbele ya macho yao. Matibabu hayo yalianzishwa New York katika miaka ya 1960. Tanzania Bara yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwezi wa Februari 2011.

Mtoto naye, baada ya kuzaliwa, huweza kutetemeka, kulia kwa sauti kali, kukosa usingizi na kushindwa kunyonya. Hufaa alazwe mahali pa utulivu, kifuani pa mama yake, wala asitengwe naye bila sababu. Mwaka wa 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mama aliye katika matibabu ya methadoni ahimizwe kunyonyesha, isipokuwa hatari ikizidi faida.

Lakini mwaka wa 2011 mama wa Kilole alitengwa na Muhimbili kwa safari ya zaidi ya kilomita 250. Kufikia mwaka wa 2021 huduma ilikuwa imefika Bombo, mjini Tanga; hata hivyo kwenda na kurudi kila siku na mtoto mgongoni si jambo dogo kwa maskini. Tena mwenye kuogopa polisi, au kunyang'anywa mwanawe, hujificha hata uchungu umshike. Basi yafaa ikumbukwe kwamba siku 40 za wazee hazikuwekewa sharti la mzazi asiye na kosa. Dawa hupatikana hospitali. Lakini mtu wa kumshikia mtoto hana budi kutoka nyumbani.