Mwonekano wa Kusoma
Mwonekano wa kusoma ni sehemu ya kivinjari inayobakiza makala na picha zake, ikiondoa matangazo na menyu. Kivinjari cha Safari cha Apple kiliupata mwaka 2010, katika toleo la 5, kikitumia msimbo wa Readability wa kampuni ya Arc90. Firefox ikafuata kwenye kompyuta mwaka 2015. Programu hukagua aya: penye maneno mengi, koma nyingi na viungo vichache hudhaniwa ndipo ilipo habari yenyewe. Ndiyo maana ukurasa wa mwanzo wa gazeti, uliojaa vichwa vya habari tu, kwa kawaida hauonyeshi kitufe cha mwonekano huu. Katika Firefox ya Windows, ili kuufungua mwonekano huo, hubonyezwa F9. Majedwali wakati mwingine hupotea, hasara ndogo kwa msoma habari, kubwa kwa anayetafuta msimamo wa ligi.