Msitu, Jangwa na Aliyeshika Kalamu

Katika semina moja hapa chuoni nilisoma makala niliyojivunia sana. Nilisifu kundi la washairi wa Sudan liitwalo Msitu na Jangwa, nikadai kwamba lilitatua tatizo la utambulisho wa nchi ile. Nilipokwisha, mwenzetu mmoja kutoka Juba aliinua mkono, akauliza: "Ndugu yangu, katika msitu huo bibi yangu yumo?" Watu wakacheka. Mimi nilikosa la kusema. Makala haya ni jibu langu, ingawa nimechelewa.

Hebu tuanze na historia. Sudan ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1956. Miezi michache kabla, Agosti 1955, askari wa Kusini walikwisha kuasi huko Torit. Taifa lilizaliwa, basi, likiwa limebeba swali: Msudani ni nani? Mwarabu? Mwafrika? Au vyote viwili?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Chuo Kikuu cha Khartoum walijaribu kulijibu kwa ushairi. Miongoni mwao walikuwemo Muhammad Abdul-Hayy, aliyezaliwa 1944, Al-Nur Osman Abbakar na Mohammed el-Makki Ibrahim. Kwao jangwa lilikuwa ishara ya Uarabu, na msitu ishara ya Uafrika. Abdul-Hayy alirudi nyuma hadi Sinnar, mji mkuu wa dola ya Wafunj iliyoanza 1504 na kuanguka 1821, akaona humo mahali ambapo asili na mila mbalimbali zilikutana. Wala tusiwabeze. Katika jamii ambamo wengi waliona fahari kujiita Waarabu tu, kukiri Uafrika wao kulihitaji ujasiri.

Lakini tazama yaliyotendeka nje ya ushairi. Mwaka 1960 serikali ya Jenerali Abboud iliondoa mapumziko ya Jumapili huko Kusini, ikaweka Ijumaa. Wanafunzi wa Kusini wakagoma. Yaani, huku washairi wakisuka mseto kwenye karatasi, dola ilikuwa ikiufumua mashuleni. Oktoba 1964 wanafunzi wa Khartoum walisaidia kumng'oa Abboud, lakini vita vya Kusini viliendelea hadi 1972, vikaanza upya 1983.

Hapa ndipo swali la mwenzangu linapouma. Washairi hao niliowataja walikuwa watu wa Kaskazini. Msitu ulikuwamo katika beti zao, lakini mkazi wa msitu hakushika kalamu, aliandikwa tu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayeisimulia kwa niaba yake, hata akiwa na nia njema, husimulia kaburi alilolitazama kwa nje.

Kizazi kilichofuata kililivuruga pango hilo la ishara. Stella Gaitano, aliyezaliwa Khartoum mwaka 1979 na wazazi wa Kusini, aliandika hadithi za watu waliokimbia vita, na aliziandika kwa Kiarabu. Kumbe lugha ya jangwa iliweza kubeba uchungu wa msitu! Kusini ilipojitenga tarehe 9 Julai 2011, watu kama yeye walijikuta wageni katika mji waliozaliwa. Yeye hakuwa ishara ya mseto. Aliuishi, na mseto huo ukamgharimu uraia.

Kisha, katika maandamano ya 2018 na 2019 yaliyomwangusha Bashir, vijana wa Khartoum walipaza sauti kwamba nchi nzima ni Darfur. Naliona hilo kuwa hatua kubwa kuliko Sinnar: hawakutafuta babu wa pamoja, walikubali jeraha la pamoja. Vita vilivyozuka Aprili 2023 viliwatawanya wengi wao, lakini havijafuta walilolisema.

Sasa bwana, tusiwacheke Wasudani. Wanubi wa Kibera, wajukuu wa askari waliotoka Sudan, walihangaika kwa miongo mingi kutafuta vitambulisho na haki ya ardhi. Hatimiliki ya ekari 288 waliipata 2017 tu. Je, katika fasihi yetu Mnubi ni msimulizi au mandhari?

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Juba, jibu ni hili: bibi yako hakuwemo. Mimi nilisifu msitu bila kuuliza nani anaishi ndani yake. Wahakiki wenzangu, nangoja marungu yenu.