Mikono Hujifunza kwa Kutenda

Leo tutazungumza juu ya historia ya kujifunza kumhudumia mgonjwa kwa mazoezi, kabla ugonjwa wenyewe haujabisha hodi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1759 Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa alimtuma mkunga Angélique du Coudray azunguke nchini akifundisha wanawake wa vijijini kuzalisha. Wengi wao hawakujua kusoma. Kwa hiyo alitengeneza mwanasesere wa kitambaa na ngozi, mwenye nyonga kama ya mama na mtoto ndani yake. Kila mwanafunzi alitia mkono, akahisi mtoto amelalaje, kisha akamtoa. Aliyekosea alirudia, na hakuna aliyeumia.

Tusogee karibu na kwetu. Kuanzia mwaka 2009, katika hospitali nane za Tanzania, wakunga walifundishwa kwa mwanasesere jinsi ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hata hivyo, katika Hospitali ya Haydom ilionekana kwamba mafunzo ya siku moja pekee hayatoshi. Wahudumu walimudu vizuri mbele ya mwanasesere, lakini katika chumba cha kujifungulia mambo hayakubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, vifo vilipungua.

Labda utauliza: hayo ni ya wakunga, mimi mama wa nyumbani yananihusu nini? Sikiliza ya Bangladesh. Kati ya mwaka 1980 na 1990, shirika la BRAC lilituma walimu wanawake nyumba kwa nyumba, wakafikia takriban nyumba milioni 12. Walifundisha kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayehara. Mwalimu alionyesha, kisha mama akachanganya mwenyewe. Baadaye mkaguzi alirudi katika baadhi ya nyumba na kumwomba mama achanganye tena. Mwalimu alilipwa kulingana na alichokumbuka mama, wala si kwa idadi ya nyumba alizopita. Kwani chumvi ikizidi, dawa hugeuka hatari.

Sasa turudi kwetu. Mto Tana ulifurika wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, ukafurika 2018, na tena 2023 na 2024. Mafuriko yakija, barabara hukatika, maji safi hukosekana, na kuhara huingia kambini. Mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji mwilini kwa saa chache. Huo si wakati wa kuanza kusoma pakiti.

Basi fanya zoezi leo, mtoto akiwa mzima. Pata pakiti ya ORS kwenye kituo cha afya na usome inahitaji maji kiasi gani, kwani si zote zinalingana. Ikisema nusu lita, chupa ya soda ya nusu lita itakupimia. Nawa mikono kwa sabuni. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa. Mimina unga wote, koroga hadi uyeyuke, uonje: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mtoto hunyweshwa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Akitapika, ngoja dakika 10, uendelee polepole. Endelea kumnyonyesha, na umpe zinki kama ulivyoelekezwa na muuguzi.

Zoezi hili walifanye pia nyanya, baba na dada mkubwa, maana siku uliyoenda shambani ndio watakaobaki na mtoto. Jizoezeni pia kutaja dalili za hatari: macho kuzama, kulegea, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, damu kwenye choo. Ukiona moja, usingoje. Mpeleke kituoni huku ukimnywesha njiani kama anaweza kumeza.

Na ukiwa kliniki, usiondoke kwa kuitikia "nimeelewa" tu. Mwambie muuguzi: "Nitazame nikifanya mwenyewe." Hilo si kumsumbua, ni haki yako.