Al-Jabr: Elimu ya Mraba na Mzizi

Baada ya darsa ya mirathi huko Mwaya, Kyela, kijana mmoja wa Kidato cha Pili alinionyesha daftari lake. Alitakiwa kuiandika x² + 10x − 39 kwa vigawo viwili, na baba yake alikwishamwambia kuwa hesabu za herufi ni mambo ya Wazungu, bora ahifadhi Qur'ani. Akauliza: "Sheikh, niache?"

Ndugu msomaji, hesabu hiyo inatokana na mfano mashuhuri wa Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun (198–218 Hijria, yaani 813–833 Miladia). Kitabu chake cha al-jabr wal-muqabala ndicho kilichoipa aljebra jina. Katika utangulizi ametaja haja za watu: mirathi, wasia, mashitaka, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji.

Yeye hakutumia herufi. Alisema kwa maneno kuwa mraba na mizizi yake kumi ni sawa na 39. Kule Mwaya nilieleza kwa jaruba la mpunga. Chukua jaruba la mraba usilojua upande wake. Ongeza vipande viwili, kimoja kila ubavu, upana wa kila kimoja hatua 5. Eneo lote ni 39. Kwenye kona limebaki pengo la 5 kwa 5, yaani 25. Lijaze, upate 64. Upande wa jaruba zima sasa ni 8. Toa 5, inabaki 3.

Shuleni hutafutwa namba mbili ambazo zikizidishwa ni 39 na tofauti yake ni 10: nazo ni 13 na 3. Vigawo ni (x + 13)(x − 3). Hesabu ikiwa sawa na sifuri, jibu ni 3 lile lile. La pili, −13, al-Khwarizmi hakulihesabu, kwani jaruba gani lina upande chini ya sifuri? Lakini penye majibu mawili halali aliyataja yote: mraba na 21 ukiwa sawa na mizizi kumi, mzizi ni 3 au 7.

Tuseme kweli. Watu wa Babeli walijua hesabu za namna hii karne nyingi kabla yake, na njia ya kuandika mlinganyo kwa vigawo vilivyozidishwa imo katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapwa 1631. Wala kugawa mirathi hakuhitaji mraba. Sehemu na mafungu hutosha. Wanaodai vinginevyo wanatia chumvi.

Hata hivyo Imam al-Ghazali (aliyefariki 505 Hijria, 1111 Miladia), katika Ihya Ulum al-Din, ameiweka hesabu pamoja na utabibu katika fardhi kifaya, kwa ajili ya miamala na kugawa wasia na mirathi. Na katika al-Munqidh min al-Dalal amewalaumu wanaodhani wanaunusuru Uislamu kwa kuzikana elimu hizi. Papo hapo akaonya juu ya mtu anayevutiwa na umahiri wa wanahisabati hadi akawafuata katika itikadi.

Nilimweleza baba yake hayo yote mawili. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza ile −13 ni kitu gani. Nikamwachia mwanawe amjibu.