Dhana ya Majimbo katika Siasa za Kenya: Mgawanyo wa Madaraka au Umiliki wa Ardhi?

Nchini Tanzania jimbo ni eneo la mbunge. Katika Kanisa Katoliki ni eneo la askofu, na nchini Kongo ni sehemu ya utawala yenye gavana wake. Matumizi hayo hayamtii mtu hofu. Nchini Kenya, wingi wa neno lilo hilo umewahi kuwafanya watu wafunge virago usiku na kukimbilia makanisani. Waandishi wa Kiingereza nao waliliazima, wakalipachika kiambishi chao, likawa majimboism. Nguvu hiyo haitokani na maana ya kamusi. Inatokana na namna neno lilivyotumiwa katika mabishano ya kisiasa kwa zaidi ya miaka 60.

Makala haya yanadai kwamba tangu 1961 neno majimbo limebeba madai mawili yasiyofanana. Dai la kwanza ni la kikatiba: madaraka yagawanywe kati ya serikali kuu na maeneo, na serikali kuu isiweze kuyapokonya kwa uamuzi wake peke yake. Dai la pili ni la ardhi na asili: kila eneo lina wenyewe, na wengine wote ni wageni wanaokaa kwa hisani. Mtu anaweza kulikubali la kwanza kwa moyo wote na kulikataa la pili katakata. Wanasiasa wa Kenya, waliotaka majimbo na walioyapinga, walifaidika kwa kuacha madai hayo yasitenganishwe.

Chama cha KADU kiliundwa mwaka 1960, muda mfupi baada ya KANU. Kiliwakusanya viongozi wa jamii zilizohofia kumezwa na Wakikuyu na Wajaluo, miongoni mwao Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro wa Magharibi na Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa. Walowezi wenye msimamo wa wastani waliomfuata Michael Blundell waliiunga mkono hoja ya majimbo, na kwa sababu hiyo KANU iliiita hila ya mkoloni. Maelezo hayo hayatoshi. Wamaasai walikuwa wamehamishwa kutoka malisho yao kwa mikataba ya 1904 na 1911. Sasa walowezi walijiandaa kuondoka, na swali la nani angeirithi ardhi ile lilikuwa swali halali. Makosa hayakuwa katika kuuliza. Yalikuwa katika kulijibu swali la ardhi kwa kuchora mipaka ya serikali.

Mkutano wa Lancaster House wa 1962, jijini London, ndio uliokubali mfumo huo. Katiba ya 1963 iliunda majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake na rais wake. Moi alikuwa rais wa Jimbo la Bonde la Ufa. Seneti ya wajumbe 41 iliwekwa kuwa mlinzi wa mpango mzima. Tume iliyochora mipaka ilipita ikiuliza jamii zilitaka kukaa na nani, na majibu yao yakawa sehemu ya ramani. Hapo ndipo dai la pili lilipoingia ndani ya la kwanza. Chombo cha kugawana madaraka kilizaliwa kikiwa tayari na sura ya kabila.

Je, huo ulikuwa mfumo wa shirikisho? Wataalamu wengi huuita nusu shirikisho, nami nakubaliana nao, kwa sababu majimbo yalikuwa na mamlaka kwenye karatasi bila mapato ya kuyaendesha. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963 na haikuwa na nia ya kuyalisha. Fedha na watumishi vilicheleweshwa. Novemba 1964 KADU ikajivunja, na Desemba nchi ikawa jamhuri. Seneti ikafutwa kwa kuunganishwa na bunge la chini, na kufikia 1968 mabaki ya mfumo yalikuwa yamekwisha na majimbo yamekuwa mikoa. Mkuu wa mkoa alikuwa mteule wa rais, akiwajibika kwake. Moi mwenyewe, mtetezi wa majimbo wa juzi, aliitawala Kenya kwa wakuu wa mikoa kuanzia 1978 hadi 2002.

Kuna jambo la kipindi hicho ambalo wanahistoria hawalitilii mkazo wa kutosha. Tarehe 5 Juni 1963, Jomo Kenyatta wa KANU, Julius Nyerere na Milton Obote walitangaza jijini Nairobi nia ya kuunda Shirikisho la Afrika Mashariki kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo KANU ile ile iliyoona majimbo ni mgawanyiko iliona shirikisho ni umoja. Wazo la kugawana madaraka kati ya ngazi mbili za serikali halikuwa mwiko kwake. Kilichoisumbua ni nani angeshika ardhi, polisi na hazina ndani ya Kenya. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo Julai 1960, na mfano huo ulikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Hata hivyo hofu ya Katanga ilitumika pia kuzima hoja ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na kujitenga.

Neno lilirudi kwa kishindo mwaka 1991, shinikizo la vyama vingi lilipozidi. Katika mikutano ya Kapsabet na Kapkatet ya Septemba mwaka huo, vigogo wa KANU kutoka Bonde la Ufa walidai majimbo yarejeshwe. Mgawanyo wa kodi na mabunge ya maeneo havikuwa kiini cha hotuba zile. Kiini kilikuwa nani aondoke. Wakati huo msamiati wa madoadoa ulienea, binadamu akifananishwa na uchafu wa kufutwa kwenye nguo. Mwishoni mwa Oktoba mapigano yakaanza katika shamba la Meteitei, Nandi, yakasambaa. Shirika la haki za binadamu la Africa Watch lilikadiria mwaka 1993 kwamba watu 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kuhamishwa. Agosti 1997 ikawa zamu ya Likoni, huko Pwani, ambako walengwa walikuwa watu wa bara.

Pwani inastahili neno la pekee. Madai yake ya kujitawala hayakuanzia kwa KADU. Ukanda wa maili kumi ulikuwa chini ya mamlaka ya jina ya Sultani wa Zanzibar hadi makubaliano ya Oktoba 1963, na vuguvugu la Mwambao lilitaka ukanda huo uwe na hatima yake. Maelfu ya Wapwani wameishi kama maskwota kwenye ardhi ya mababu zao. Malalamiko hayo ni ya kweli, na yanahitaji hatimiliki na mahakama za ardhi. Kumfukuza mchuuzi aliyetoka Machakos hakumpi skwota wa Kilifi hata hatua moja ya ardhi.

Wapinzani wa majimbo nao wana sehemu yao ya lawama. Katika kampeni za 2007, chama cha ODM kilipotetea ugatuzi, upande wa Rais Mwai Kibaki uliwaambia wapigakura kwamba hayo ni majimbo, na majimbo ni kufukuzana. Kwa kulikubali dai la pili kuwa maana pekee ya neno, walijiepusha kujibu la kwanza: kwa nini kisima cha Wajir kiamuliwe Nairobi? Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata uchaguzi ule.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ililikwepa neno. Ngazi ya maeneo makubwa, iliyokuwemo kwenye rasimu, iliondolewa na wabunge huko Naivasha Januari mwaka huo, zikabaki kaunti 47. Ugatuzi likawa jina la mpango. Ulikuwa uamuzi wa busara, lakini umeleta uvivu wa fikra, kwani wengi hudhani ugatuzi ni majimbo yaliyopunguzwa makali. Ukweli ni mseto zaidi. Kaunti hazina polisi wala mahakama, na ukubwa wake ni mdogo mno kushindana na Nairobi. Lakini zina hakika ya angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na kwa mujibu wa Ibara ya 255 malengo na muundo wa ugatuzi haviwezi kubadilishwa bila kura ya maoni. Majimbo ya 1963 yalifutwa na wabunge bila mwananchi kuulizwa. Kwa kipimo cha ulinzi wa kikatiba, Kenya ya leo iko karibu na shirikisho kuliko Kenya ya Ngala.

Dai la pili, hata hivyo, halikufa. Limehamia kwenye kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika jamii yenye watu wengi zaidi katika kaunti. Bunge halitungi kanuni ya namna hiyo pasipo tatizo. Kauli za "kaunti yetu" na "watu wa kuja" zinasikika kila msimu wa uchaguzi, na mara nyingi zinatoka kwa watu wanaojiita watetezi wa ugatuzi.

Nawasihi wanazuoni na wahariri wenzangu tutumie istilahi hizi kwa nidhamu: majimbo kwa mfumo wa 1963 na siasa zilizodai kuurithi, shirikisho kwa aina ya dola, ugatuzi kwa mpango wa 2010. Na mwanasiasa yeyote atakayeliinua tena neno majimbo jukwaani aulizwe, kabla ya jambo lingine lolote, anaisomaje Ibara ya 39 ya Katiba ya 2010. Ibara hiyo inampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini Kenya.